Kozi, faini ya pauni 100 au mahakama: ukiletewa barua ya mwendokasi England au Wales

Mtu akiletewa barua ya kamera, swali la kwanza huwa "nilipe au nigome?" Swali hilo huja mapema mno. Barua ya kwanza ya polisi haidai hata peni moja. Inataka kujua nani alikuwa kwenye usukani. Kozi (darasa la mwendo salama linalotolewa badala ya faini na pointi), faini na mahakama hufuata baadaye, na anayepewa nafasi ya kuchagua ni yule aliyejibu. Huwa nawasomea barua hizi ndugu na majirani ambao Kiingereza cha kisheria kinawachosha baada ya zamu ya usiku, na ninayemwona akiumia zaidi ni yule aliyeiweka bahasha juu ya friji hadi siku zikaisha, hata kama alizidisha maili chache tu.

Haya yote yanahusu England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina mahakama na taratibu zao.

Tupime kwa nini

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale. Kwanza pesa zitakazotoka, maana kiasi kilichoandikwa kwenye barua si lazima kiwe ndicho utakacholipa mwishoni. Pili pointi za adhabu kwenye leseni. Tatu kinachobaki nyuma yako: bima, kazi, fomu za uraia. Nne muda na usumbufu. La tano wengi hulisahau: je, unakubali kwamba ulitenda kosa? Kozi na faini ni za anayekubali. Kama hukubali, njia ni moja tu, na pesa haziwezi kuwa kipimo chako pekee.

Kabla ya hayo, tarehe. Ukizikosea, hakuna cha kulinganisha.

Siku 14, siku 28, miezi 6

Siku 14 ndizo zenye uvumi mwingi. Sheria ya mwaka 1988 kuhusu wakosaji wa barabarani inataka kwamba kwa makosa kadhaa, mwendokasi ukiwemo, mtu asitiwe hatiani mpaka awe ameonywa. Onyo hilo linaweza kuwa la mdomo kutoka kwa askari pale pale barabarani, au samansi, au notisi ya kusudio la kushtaki iliyofika ndani ya siku 14. Siku ya kosa haihesabiwi. Kamera ikikunasa Jumatatu tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 na ya mwisho ni tarehe 17. Barua ikitumwa kwa posta ya daraja la kwanza Jumatano tarehe 12, inachukuliwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, yaani Ijumaa tarehe 14. Hapo polisi wako ndani ya muda. Ukidai haikufika, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Inawezekana kuthibitisha. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kesi ya dereva ambaye notisi yake ilitumwa mapema vya kutosha lakini mgomo wa posta ukaichelewesha hadi siku 14 zikapita. Mahakama ilisema kinachotazamwa ni lini imefika, na dereva akashinda. Lakini alikuwa na ushahidi. Maneno matupu ya "mimi sikuiona" hayafiki mbali.

Jambo linalowapotosha watu wengi zaidi ni hili: siku 14 zinahusu notisi ya kwanza, ile inayotumwa kwa mwenye jina kwenye kadi ya usajili wa gari. Kama gari ni la kampuni, la kukodi, au la shemeji yako, notisi ya kwanza inakwenda kwao. Wakishakutaja wewe, yako inaweza kufika baada ya mwezi na ikawa halali kabisa. Vivyo hivyo kama ulihama bila kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari: sheria haikupi faida kwa kuchelewa ulikokusababisha mwenyewe, na kutobadilisha anwani ni kosa lenye faini yake, hadi pauni 1,000.

Tena si kila kosa lina siku 14. Uendeshaji wa uzembe, uendeshaji wa hatari na kupita taa nyekundu vimo. Kushika simu, kuendesha bila bima na kuendesha umelewa havimo. Na ikitokea ajali wakati ule ule, na dereva akajua kuwa imetokea, notisi haihitajiki.

Siku 28 ni zako wewe. Pamoja na notisi huja fomu inayotaka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya leseni ya aliyeendesha, na mahali pa kutia sahihi. Hiyo ni kwa mujibu wa kifungu cha 172 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988. Kutoijaza ni kosa jipya linalojitegemea: pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Linganisha na pointi 3 za kosa la kawaida la mwendo. Kuinyamazia barua kunaweza kukugharimu mara mbili ya kosa lenyewe, na kampuni za bima huiogopa alama ile kwenye leseni kuliko ya mwendo. Hoja ya haki ya kunyamaza ilishapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo mwaka 2007 ikasema kifungu hicho hakivunji haki hiyo.

Kama hujui nani aliendesha, andika hivyo, eleza ulichofanya kutafuta, na uombe picha. Kuomba picha hakusimamishi hesabu ya siku, kwa hiyo omba wiki ile ile. Na usiandike jina la mtu mwingine abebe pointi zako, hata kama mmekubaliana, hata kama ni mkeo. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, alifanya hivyo kwa kosa la mwendo la mwaka 2003. Mwaka 2013 yeye na aliyekuwa mkewe, Vicky Pryce, kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi minane. Pointi tatu zilizaa jela.

Miezi 6 ni ya upande wa mashtaka. Kwa makosa madogo kama mwendokasi, shtaka lazima litolewe ndani ya miezi sita tangu siku ya kosa. Karatasi inaweza kukufikia baada ya hapo, maadamu lilitolewa kwa wakati, basi usifurahi mapema ukiona mwezi wa saba umeingia. Bila bima hesabu ni tofauti: miezi sita tangu mwendesha mashtaka apate ushahidi wa kutosha, mwisho miaka mitatu tangu kosa. Uendeshaji wa hatari hauna ukomo huu, kwa kuwa unaweza kusikilizwa hata mahakama ya juu.

Sasa umejibu fomu, umesema ni wewe. Kinachofuata hutegemea ulikuwa mwendo gani.

Kozi ya mwendo

Polisi ndio wanaoamua kuitoa. Hakuna mwenye haki ya kuidai. Kwa kawaida huipa mtu aliyezidisha kidogo. Palipo na ukomo wa maili 30 ni kuanzia 35 hadi 42, palipo na 40 ni 46 hadi 53, na kwenye motawei ya 70 ni 79 hadi 86. Sharti lingine ni kwamba hukuhudhuria kozi kama hiyo kwa kosa la ndani ya miaka mitatu iliyopita.

Pesa: unalipa ada ya kozi, ambayo hutofautiana kwa eneo na mara nyingi haipishani sana na faini yenyewe. Anayechagua kozi kwa kutafuta unafuu wa pauni kadhaa hajaielewa faida yake.

Faida ni pointi: hakuna hata moja. Na hapa kuna jambo ambalo madereva wenye pointi nyingi hawaambiwi vya kutosha: pointi ulizonazo hazikuzuii kupewa kozi. Mwenye pointi 9 anayepata nafasi hii ameepuka kusimama mbele ya hakimu akiomba asifungiwe leseni.

Kinachobaki nyuma ni kidogo. Kozi si hukumu na haiandikwi kwenye leseni. Lakini kampuni ya bima ikikuuliza moja kwa moja kama umehudhuria, jibu ukweli, kwa sababu bima iliyopatikana kwa jibu la uongo inaweza kukutoka siku ya ajali.

Usumbufu wake ni kikao kimoja cha saa chache, ukumbini au kwa intaneti. Kwa intaneti unaonyesha kitambulisho na kamera inabaki imewashwa. Ukizima au ukiondoka, unahesabiwa hukuhudhuria, na kesi inarudi kwa polisi. Hakuna mtihani wa kufaulu wala kufeli, ila lazima ushiriki. Chagua siku ambayo huna zamu, na mtu mwingine akae na watoto.

Inamfaa anayekubali kosa na anayelinda leseni safi: dereva wa teksi, wa kusambaza mizigo, mhudumu wa wagonjwa anayezunguka majumbani, na zaidi ya wote dereva mpya.

Faini ya pauni 100 na pointi 3

Hii huja kama ofa yenye masharti: ukiikubali ndani ya siku 28, kesi imeisha. Hupewa asiyestahili kozi, au aliyezidisha zaidi ya kiwango cha kozi bila kufikia kiwango cha mahakama. Palipo na maili 30, kwa miongozo ya polisi, mahakama huanza kuzungumziwa kwenye 50. Kwenye motawei, 96.

Pesa ni pauni 100, haiongezeki, haijali mshahara wako. Kwa mtu mwenye kipato kizuri hii ndiyo bei ndogo kabisa ya kosa la mwendo.

Pointi ni 3. Zinakaa kwenye rekodi miaka minne tangu siku ya kosa, na kwa miaka mitatu zinajumlishwa na nyingine. Zikifika 12 ndani ya miaka hiyo mitatu, leseni inafungiwa kwa angalau miezi sita. Kwa hiyo mwenye 9 hapewi ofa hii. Anakwenda mahakamani, ambako ndiko pekee anakoweza kueleza dhiki ya kipekee itakayompata akifungiwa. Na aliyefaulu mtihani wa udereva chini ya miaka miwili iliyopita akifikisha 6, leseni inafutwa na anaanza upya, nadharia na barabarani. Anayeendesha kwa leseni ya nyumbani, ya Kenya au Tanzania, naye hakwepi: DVLA, wakala wa serikali wa leseni na usajili wa magari, humfungulia rekodi ya udereva na pointi huwekwa humo.

Kinachobaki nyuma ni bima. Kampuni nyingi huuliza habari za miaka mitano, na malipo yanaweza kupanda kila mwaka ukiwa unatafuta bima. Hesabu ya kweli ya pauni 100 ni pamoja na nyongeza hiyo. Wenye leseni ya teksi waangalie pia masharti ya halmashauri iliyowapa leseni, kwa sababu nyingi hutaka kujulishwa.

Usumbufu hakuna: unalipa, unatoa taarifa za leseni, basi. Lakini ukilipa bila kukamilisha taarifa za leseni, ofa haijakamilika na kesi inaweza kwenda mahakamani. Nimeona watu wakishangaa pesa zao kurudishwa na baada yake barua ya mashtaka kufika.

Inamfaa anayekubali kosa, asiye na nafasi ya kozi, mwenye leseni isiyo na pointi au yenye chache.

Mahakama

Wengine hupelekwa mahakamani bila kuchagua, kwa sababu ya mwendo mkubwa au pointi nyingi. Wengine huichagua kwa kukataa ofa. Siku hizi nyingi za kesi hizi huanza na notisi ya hakimu mmoja: barua yenye shtaka na ushahidi, nawe una siku 21 kujibu. Unaweza kukiri na kesi ikaamuliwa kwa karatasi bila wewe kufika, kukiri na kuomba ufike, au kukana. Ukikana, kesi inasikilizwa mahakamani, wewe upo na mashahidi wanaweza kuitwa. Ukikaa kimya, hakimu anaamua bila neno lako, na bila kujua kipato chako.

Pesa hapa hufuata mshahara. Kwa mwendo wa chini, mfano 31 hadi 40 palipo na 30, faini huanzia nusu ya kipato cha wiki baada ya kodi. Kwa 41 hadi 50 ni kipato chote cha wiki. Kwa 51 na zaidi ni wiki moja na nusu. Ukomo ni pauni 1,000, au 2,500 kwenye motawei. Mchukue mtu anayebaki na pauni 600 kwa wiki, aliyenaswa akienda 38. Alikataa ofa ya pauni 100 akakana kosa, kisha akashindwa: faini 300, juu yake tozo ya waathirika ya asilimia 40, yaani 120, jumla 420, na bado hazijawekwa gharama za mashtaka, ambazo baada ya kesi kusikilizwa hupanda sana. Angekiri mapema angepunguziwa theluthi moja: faini 200, tozo 80, na gharama ndogo zaidi. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi ya mwendo ni nadra, na hata ukishinda mara nyingi hurudishiwi ada yote ya wakili.

Pointi ni 3 kwa daraja la chini, 4 hadi 6 kwa la kati, na 6 kwa la juu. Badala ya pointi hakimu anaweza kufungia leseni, siku 7 hadi 28 kwa la kati na 7 hadi 56 kwa la juu. Kwa dereva mpya hili ni la kufikiriwa sana: kufungiwa wiki mbili kunauma, lakini leseni inarudi, ilhali pointi 6 zinaifuta. Anaweza kumwomba hakimu alitazame hilo.

Kinachobaki nyuma ni kizito kuliko kwa njia nyingine. Hukumu ya mahakama ni hukumu ya jinai, hata ikiwa ya mwendo tu, na fomu ya kuomba uraia inataka itajwe. Kuificha ni kosa la uaminifu ambalo litakuumiza kuliko faini yenyewe.

Usumbufu ni miezi ya kusubiri, siku ya kazi iliyopotea, na hofu. Sisemi hivi kumtisha mtu mwenye haki. Kama hukuwa wewe uliyeendesha, kama alama ya mwendo haikuwepo, kama notisi ya kwanza kwa mwenye gari ilifika siku ya 20 nawe una bahasha yenye muhuri na shahidi, mahakama ipo kwa ajili hiyo hiyo. Ninachopinga ni kwenda kwa sababu ya video ya mtandaoni iliyokuambia kamera zote haziaminiki. Hakimu ataanza kwa kudhani kifaa kilifanya kazi, nawe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kilikosea.

Inamfaa mwenye utetezi wa kweli na ushahidi wa kuushika mkononi, na mwenye pointi 9 anayehitaji kusikilizwa kabla ya kufungiwa.

Kwa hali yako

Umezidisha kidogo na kozi imeletwa: kwa wengi hakuna sababu ya kuikataa, isipokuwa kama kweli hukutenda kosa. Ukiikubali na ukaimaliza, mlango wa kupinga kosa umefungwa.

Ulihudhuria kozi mwaka jana na leseni haina kitu: pauni 100 na pointi 3 zitaimaliza kesi kwa utulivu. Leseni ina pointi 6 tayari na wewe ni dereva wa kulipwa: kabla ya kukubali ofa itakayokufikisha 9, ongea na wakili wa barabara hata kwa nusu saa, maana kosa lijalo litakuweka mbele ya hakimu.

Gari ni la mwajiri: mwulize msimamizi notisi ya kwanza ilimfikia lini, lakini jaza fomu yako ndani ya siku 28 huku ukisubiri jibu lake. Gari uliliuza kabla ya tarehe ya kosa: jaza jina na anwani ya mnunuzi, ambatisha nakala ya risiti, na uhakikishe DVLA wanajua kwamba si lako tena.

Ofa ya pauni 100 ilikupita bila kosa lako, kwa mfano ulikuwa umelazwa hospitali: kiri kwenye notisi ya hakimu mmoja, eleza sababu na ambatisha uthibitisho. Mwongozo wa hukumu unamruhusu hakimu kukutoza sawa na ile ofa kama sababu ya kuikosa haihusiani na kosa.

Na kama umegundua leo kwamba ulishahukumiwa bila kujua, barua zote zikiwa zimekwenda kwenye nyumba uliyohama, kuna tamko la kiapo kwamba hukujua kuna kesi. Linatolewa ndani ya siku 21 tangu siku uliyojua, na likikubaliwa hukumu inaondolewa na kesi inaanza upya. Ipigie simu mahakama iliyotajwa kwenye barua ya madai, uombe miadi ya kula kiapo, na uchukue hati ya kupanga nyumba inayoonyesha lini ulihama.